Kompyuta za chuo zisaidie sayansi, lakini si kwa megabaiti za mwanafunzi

Mwanafunzi anayetoka Luena, mji wa makaa ya mawe kwenye reli ya Lubumbashi, kwenda kusoma Kamina, anajua thamani ya megabaiti. Anainunua kwa franga na kuihesabu, na intaneti ikikatika katikati ya kupakua makala ya utafiti, mara nyingi anaanza upya. Kwa hiyo swali la kama vyuo vikuu vya Haut-Lomami viweke programu za kompyuta za kujitolea katika maabara zao lianzie kwake.

Programu hizo hufanya kazi kwa njia rahisi kueleza. Kompyuta ambayo haina kazi kubwa hupokea kipande cha hesabu kutoka kwa watafiti, hukikokotoa, kisha hurudisha jibu. Mradi uliozipa umaarufu ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1999 kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia. Chuo hicho hicho ndicho kilichotengeneza BOINC, programu ya bure inayotumiwa na miradi mingi ya aina hii hadi leo.

Msomaji anaweza kuuliza: viumbe wa angani vinamhusu nini mtoto wa Luena? Jibu ni kwamba miradi mingine inamhusu moja kwa moja. Mwaka 2006 ulizinduliwa MalariaControl.net, mradi wa watafiti wa Uswisi uliotumia kompyuta za watu wa kujitolea kupima namna malaria inavyoenea na namna vyandarua, dawa na chanjo vinavyoweza kuipunguza. Uliendelea hadi mwaka 2016. Mwaka 2014 mtandao wa World Community Grid ulianzisha mradi wa kutafuta dawa ya Ebola, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, ndani ya Congo hii hii. Nchi yetu hubeba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila kumi wa malaria duniani. Ni haki kutaka kompyuta zetu nazo ziwe na mchango katika hesabu hizo.

Lakini nia njema haiongezi upana wa intaneti. Chukua maabara yenye kompyuta 20 na intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde. Kila kompyuta ikipakua faili za megabaiti 50, jumla ni megabaiti 1,000. Hata kama hakuna mtu mwingine anayetumia mtandao, kazi hiyo itachukua zaidi ya saa nzima. Ikiwa kila kompyuta inahitaji megabaiti 1 tu, kazi itaisha kwa dakika moja na nusu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa uamuzi wote.

Miradi haifanani. Ipo inayotuma kipande kidogo na kuiachia prosesa kazi ya saa nyingi. Hiyo inaifaa Kamina. Ipo pia inayotaka faili kubwa mno, kama baadhi ya kazi za LHC@home ya kituo cha fizikia cha CERN, ambazo hutanguliwa na mfumo mzima wa kompyuta ndani ya kompyuta. Hiyo waachiwe wenye nyaya nene.

Jambo la pili ni ruhusa. Nchini Marekani, fundi wa kompyuta wa chuo kimoja cha ufundi katika jimbo la Georgia alishtakiwa kwa kuweka programu ya aina hii katika kompyuta za chuo bila idhini. Mamlaka zilidai kuwa intaneti iliyotumika ilikuwa na thamani ya senti 59 kwa kila sekunde, na jumla ikapanda hadi zaidi ya dola 400,000. Kesi iliisha mwaka 2002 kwa adhabu ndogo, lakini funzo lilibaki: mali ya wengi haitolewi sadaka na mtu mmoja. Uamuzi uwe wa uongozi wa chuo, uandikwe, na wanafunzi waujue.

Uamuzi ukifanyika, vifaa vya kuusimamia vipo. BOINC inaruhusu kuweka kikomo cha kasi ya kupakua na kupakia, kikomo cha megabaiti kwa siku kadhaa, na saa ambazo programu inaruhusiwa kugusa mtandao. Inaweza kuchukua kazi ya siku kadhaa usiku wa manane, kisha ikakokotoa mchana bila kugusa intaneti.

Umeme nao usisahaulike. Kompyuta ya mezani inayokokotoa kwa nguvu zote hula umeme mwingi kuliko iliyotulia, pengine mara mbili. Chuo kinachotegemea jenereta au betri za sola kitalipa gharama hiyo hata kama megabaiti ni chache. Busara ni kuendesha programu pale tu ambapo kompyuta zimewashwa kwa kazi nyingine na umeme unatoka kwenye gridi. Jenereta isiwashwe kwa ajili ya hesabu za mbali.

Na kuna njia iliyo bora zaidi kwa kuanzia, ambayo haizungumzwi sana. BOINC ni programu huria. Chuo kinaweza kuweka seva yake na kugawa hesabu zake chenyewe kwa kompyuta za maabara kupitia mtandao wa ndani, bila kugusa intaneti ya nje. Mhadhiri mwenye takwimu za mvua za Lomami, au za wagonjwa wa malaria wa mkoa, anaweza kutumia kompyuta 20 za chuo kama mashine moja kubwa. Linalohitajika ni fundi anayejua Linux na uongozi wenye subira, navyo si vitu vya ng'ambo.

Vyuo vyetu vianzie hapo. Vikishazoea kukokotoa ya nyumbani, vitakuwa na mafundi wa kusimamia vikomo na ujuzi wa kuchagua miradi ya dunia. Mpaka wakati huo, intaneti finyu iliyopo ibaki ya mwanafunzi wa Luena anayetafuta makala ya kumalizia kazi yake ya mwisho wa masomo.