Waziri Asemapo "Sikujua"

Juma lililopita mzee mmoja wa Kinole aliteremka Morogoro na mikungu yake ya ndizi, akanikuta sokoni nasoma gazeti. Akaniuliza: "Mwanangu karani, askari akimpiga mtu kule Mwanza, na waziri yuko mbali anakula ugali wake, kosa la waziri ni lipi?" Nilimjibu nusunusu tu, maana gari lake lilikuwa likiondoka. Leo namjibu yeye, na ninyi msikie.

Jambo hilo lilitukia kweli. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliuawa mno, na wengi wao walikuwa vikongwe waliosingiziwa uchawi. Serikali ilitaka kuyakomesha mauaji hayo, na ilikuwa haki yake. Polisi na watu wa usalama wakakamata watuhumiwa wengi. Lakini humo mahabusu watuhumiwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati ule alikuwa Bwana Ali Hassan Mwinyi, ambaye zamani alikuwa mwalimu kule Unguja. Yeye hakumpiga mtu. Hata hivyo mapema mwaka 1977 alimwandikia Rais Nyerere kwamba anajiuzulu, naye Rais akakubali. Bwana Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama, alijiuzulu pia, na wakuu wa mikoa ile kadhalika. Baadhi ya maofisa walipelekwa mahakamani, na hilo ni la lazima: kuondoka kwa mkubwa kusiwe shuka la kumfunika aliyeshika fimbo.

Basi mzee wangu, kosa la waziri ni lipi? Nadhani ni hili. Askari anatenda kwa jina la wizara. Mtu aliyepigwa hawezi kumwendea yule yule aliyempiga. Anatafuta njia ya kwenda juu. Kazi ya waziri ni kuilinda njia hiyo isizibwe. Akisema "sikujua", twapaswa kumwuliza: kwa nini hukujua? Ni kwamba habari haikuwezekana kukufikia, au walio chini yako walijua kwamba hupendi kusikia habari za namna hiyo?

Sisi wa Uluguru twajua njia ikizibwa huwa nini. Wazee wa Matombo husimulia mwaka 1955, Serikali ya wakoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta milimani. Manung'uniko yalikuwapo siku nyingi, juu ya matuta yenyewe na juu ya ukali wa wasimamizi. Waliopaswa kusikia hawakusikia. Mwezi wa Julai watu wakakusanyika kwa hasira, polisi wakapiga bunduki, na mtu mmoja akafa. Ndipo mpango ule ukaachwa.

Tena tuliona Desemba 2013. Operesheni Tokomeza ilikuwa ya kuwaokoa tembo na majangili, nia njema kabisa. Lakini wabunge waliochunguza, wakiongozwa na Bwana James Lembeli, walileta habari za watu kuuawa, kuteswa na kunyang'anywa mali. Tarehe 20 Desemba, Bwana Khamis Kagasheki, Waziri wa Maliasili, alisimama Bungeni akasema anaachia kazi. Waziri Mkuu Pinda akatangaza kwamba Rais Kikwete amewaondoa pia mawaziri wa Mambo ya Ndani, Ulinzi na Mifugo. Mimi naona tofauti kati ya anayesimama mwenyewe na anayesimamishwa, ingawa kitini wote wawili hawapo tena.

Najua wengine watasema: je, kila tuhuma imwangushe waziri? La. Hata mtumishi ana haki yake, na kusingizia watu si jambo geni kwetu. Tuhuma ikija, mtumishi akae pembeni kwanza bila kuhukumiwa, na wachunguzi wawe wengine, wasiwe wenzake wa ofisi moja. Kisha aliyelalamika ajibiwe. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa mno. Nanyi mkumbuke kwamba nchi yetu iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966 kwa ajili ya malalamiko ya namna hii, na mwaka 2001 kazi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mtu wa kijijini aweza kuiandikia.

Lakini barua ikiandikwa, itapita mikononi mwa karani. Hapo sharti niseme langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani katika parokia moja ya milimani. Mama mmoja mjane aliandika kwamba mtumishi wetu alimdai "chai" ndipo ampatie mwanawe cheti cha ubatizo. Mtumishi huyo alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukila pamoja. Nikajiambia, nitasema naye polepole, hakuna haja ya kumsumbua Baba Paroko. Barua nikaitia katika saraka. Sikusema naye polepole wala upesi.

Mwezi wa tano mama yule akaja mwenyewe kwa miguu, akaketi barazani mpaka Baba alipotoka. Baba alisikiliza yote, akaniita, nikafungua saraka. Hakunikemea mbele ya mama. Jumapili, baada ya matangazo, alisema mbele ya watu wote kwamba ofisi yake imemkosea mama mmoja, na kwamba kosa ni lake yeye, awe alijua au hakujua. Jina langu hakulitaja. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nami nilitamani alitaje.

Mtumishi yule aliulizwa, akakiri, akarudisha fedha, akaondolewa kazini. Mimi niliachwa. Kesho yake Baba aliichukua barua ile akaandika juu yake tarehe mbili kwa wino mwekundu, ya siku ilipofika ofisini na ya siku alipoiona yeye, akanipa niitie katika faili.