Chura wa Kihansi na Amana Tuliyopewa

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu ambao hadi leo hucheka wakisikia habari za chura wa Kihansi. Husema: nchi yenye haja ya umeme yashughulishwaje na chura? Swali hilo lastahiki jibu.

Chura huyu, asiyefika urefu wa sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, ujenzi wa mtambo wa umeme ukiwa umekwisha kuanza. Hakupatikana kwingineko duniani. Maskani yake yalikuwa kama hekta 2 tu za majani yaliyoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Mtambo ulipoanza kazi, maji mengi yalielekezwa huko na manyunyu yakapungua mno. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 chura hao walikaribia kwisha, na ugonjwa wa kuvu ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa wametoweka porini.

Umeme ni neema, wala hatusemi uzimwe. Lakini Suratul An'aam, aya ya 38, yatufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Naye Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Daud, aliulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa, akakataza kumuua. Ikiwa haja ya tabibu haikuhalalisha kuuawa chura mmoja, tutasemaje juu ya umma mzima?

Kwa rehema zake Mola, chura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Vizazi vyao vilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Kuharibu kulichukua muda mfupi. Kutengeneza kumechukua miaka mingi na mali nyingi.

Basi wenye mamlaka wachunguze kilichomo msituni kabla ya kugeuza mto. Nasi wazazi tusinyamaze mtoto anapompiga chura mawe uani, kwani dharau kwa viumbe huanzia hapo, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wabillahi Tawfiq.