Vitendea Kazi na Mkono Unaovishika: Funzo la Shabaha kwa Nachingwea na Ruangwa

Katika lugha ya ofisi zetu za umma hakuna kilio kinachorudiwa kama "uhaba wa vitendea kazi". Kimo katika hotuba za bajeti, katika risala zinazosomwa mbele ya mgeni rasmi na katika taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka. Polisi hawana magari, askari wa wanyamapori hawana silaha za kisasa, mgambo hawana sare. Mara nyingi kilio hicho ni cha kweli. Lakini kimetuzoesha kuamini kwamba kifaa kikishapatikana kazi imekwisha. Mkono utakaokishika kifaa hicho umefunzwa na nani, umepimwa lini na unawajibika kwa nani, ni maswali tunayoyaacha mlangoni.

Nataka kuyajadili maswali hayo kwa kutumia mchezo ambao wengi wetu hatuujui, yaani ushindani wa bastola wa vitendo, na kuuweka mbele ya wilaya mbili za mkoa wa Lindi zinazoijua silaha kwa karibu kuliko nyingi: Nachingwea na Ruangwa.

Mchezo huu hauchezwi kwa kusimama mahali pamoja na kulenga duara moja. Mshindani huanza bastola ikiwa ndani ya ala kiunoni. Kengele ikilia huichomoa, hukimbia kutoka kizuizi kimoja hadi kingine, hupiga shabaha zilizojificha nusu, hubadilisha magazini akiwa katika mwendo, na saa maalumu hunasa mlio wa kila risasi. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Wito wake una maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Usahihi umetangulia.

Alama hupatikana kwa kugawanya pointi kwa sekunde. Chukua zoezi la risasi kumi na mbili, ambapo kila risasi inayotua katikati ya shabaha ina pointi tano. Anayezipata zote kwa sekunde sita ana pointi 60, na kizio chake ni 10. Mwenzake akimaliza kwa sekunde tano lakini akakosa mbili, anabaki na pointi 50, kisha anakatwa kumi kwa kila risasi iliyopotea. Zinabaki 30, na kizio chake ni 6. Aliyewahi kumaliza ameshindwa vibaya. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mchezo huu unakubali haraka, ila unaitoza bei.

Katikati ya shabaha halali huwekwa nyingine zenye rangi tofauti, ambazo hazipaswi kuguswa. Hizo ni mfano wa mtu asiyehusika: mpita njia, mateka, mtoto aliyetoka nje kuangalia. Ukimpiga huyo unakatwa pointi kumi. Hapo kizio cha yule wa sekunde tano kingeshuka hadi 4. Zaidi ya hapo, mshindani akielekeza mdomo wa bastola nje ya upande ulioruhusiwa, au akitembea huku kidole kimegusa triga, au risasi ikimtoka kwa uzembe, anatolewa katika mashindano papo hapo. Hakuna anayeuliza ametoka nchi gani, ana cheo gani au ametumia fedha kiasi gani kufika.

Kuhusu vifaa, mchezo huu umepitia kishawishi kilekile kinachotusumbua sisi. Wenye fedha walianza kuongeza darubini, vipunguza teke na triga laini mno, na mashindano yakaelekea kuwa ya mifuko. Dawa iliyopatikana ni kugawa madaraja: bastola za kawaida zishindane na za kawaida, zilizofanyiwa marekebisho zishindane na wenzake. Ndani ya daraja moja, tofauti inayobaki ni ya mtu. Na mtu hujengwa kwa mazoezi ambayo sehemu kubwa haihitaji risasi hata moja: kuchomoa bastola tupu mara mia kwa siku, kuishika vilevile kila mara, kuvuta triga bila kuitikisa. Mchagua jembe si mkulima.

Historia yenyewe ya ufundi huu inathibitisha hilo. Katika mashindano ya California ya miaka ya 1950, wengi waliamini mshindi ni yule anayepiga kwa mkono mmoja kutoka kiunoni, kama katika filamu. Naibu sherifu mmoja wa Los Angeles, Jack Weaver, akaja na bastola ya kawaida ya kazini, akaishika kwa mikono miwili, akaiinua hadi usawa wa jicho na kulenga kweli. Akaanza kuwashinda. Mtindo wake ukasambaa na hatimaye ukabadilisha mafunzo ya polisi katika nchi nyingi. Weaver hakuwa na kifaa kipya. Alikuwa na njia bora zaidi, na mahali pa wazi ambapo njia yake ilipimwa mbele ya wengine.

Sasa twende Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vitendea kazi havikukosekana. Yalinunuliwa matrekta yaliyobaki katika maghala ya vita hadi Ufilipino, na vifaru vikageuzwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kufika Nachingwea. Lakini udongo haukupimwa ipasavyo, mvua haikusomwa, na madereva walikabidhiwa mitambo baada ya mafunzo haba. Mitambo ikafa porini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Sijui kama kuna mahali pengine Tanzania palipolipa gharama kubwa hivyo kujifunza kwamba kifaa bila ujuzi ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Katika ardhi iliyoachwa na mpango huohuo, funzo la pili likaja. FRELIMO, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, iliweka Nachingwea kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi, ambayo Samora Machel aliiongoza na kuilea. Ureno ilikuwa na ndege, helikopta na uanachama wa NATO. Vijana wa Nachingwea walikuwa na silaha za msaada na muda. Walilima chakula chao, wakafundishana kusoma na kuandika, wakafunzwa siasa ya vita pamoja na shabaha. Kwa nini unapiga, na nani usimpige, lilikuwa sehemu ya somo la silaha. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Mchezo ninaousifu ulifika Afrika kwa mlango mwingine kabisa. Mashindano yake ya dunia ya mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, Rhodesia, na bingwa akawa Dave Westerhout, mwenyeji wa nchi hiyo. Mji huo leo unaitwa Harare. Wakati walowezi wakipeana vikombe, vita vya kuwaondoa madarakani vilikuwa vimepamba moto. Kwa hiyo simwombi msomaji auone mchezo huu kama malaika. Usahihi wa mkono haumfanyi mtu kuwa mwenye haki.

Na Nachingwea nayo isitakaswe. Mwaka huohuo wa uhuru, 1975, katika kambi hiyohiyo, wapinzani wa uongozi wa FRELIMO, akiwemo aliyekuwa makamu wa rais wake Uria Simango, walionyeshwa hadharani na kulazimishwa kusoma maungamo. Baadaye waliuawa bila mahakama. Nidhamu ya kambi ilikuwa imejenga jeshi, lakini haikuwa na mtu wa nje wa kuihesabu. Ndiyo maana nasema mambo ni matatu: kifaa, ujuzi na uwajibikaji. La tatu likikosekana, ubora wa mawili ya kwanza huzidisha madhara.

Leo mkazi wa Nachingwea au Ruangwa hukutana na silaha katika mikono mingi. Yupo mgambo aliyehitimu mafunzo ya wilaya. Yupo askari wa wanyamapori anayeitwa tembo wanapoingia mashambani. Yupo mlinzi wa ghala la korosho msimu wa mnada, mlinzi wa mgodi, polisi wa kituo cha kata, na mzee mwenye gobore lake lenye kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeeleza mengi kuhusu leseni na umiliki, na serikali imetangaza mara kadhaa misamaha ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Hatua hizo ni njema. Zinahesabu bunduki. Je, nani anaihesabu mikono?

Tumekwisha kulipa kwa kutoihesabu. Oktoba 2013 Operesheni Tokomeza iliingia katika wilaya zinazopakana na hifadhi ili kuwasaka majangili. Nia ilikuwa sahihi, kwa sababu tembo wa Selous walikuwa wakiteketezwa. Operesheni ikasitishwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya mateso na mauaji ya raia. Kamati ya Bunge ikaripoti, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Mawaziri waliwajibika kisiasa, na hilo ni jambo adimu la kupongezwa. Ila nani alipiga risasi ipi, wapi, kwa amri ya nani, ni hesabu ambayo familia nyingi hazikuwahi kuonyeshwa.

Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala Dar es Salaam, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji ambao yeye hakuwa miongoni mwao. Baada ya miezi michache jalada lilifungwa kwa kuwa ushahidi haukuonyesha ni nani aliyefyatua. Tafakari, msomaji: katika mchezo wa Jumamosi, kila tundu kwenye karatasi lina mwenyewe, na mwamuzi hawezi kuondoka kabla ya kuliandika. Kwenye barabara ya jiji letu, tundu lililotoa uhai lilikosa mwenyewe.

Kwa hiyo sipendekezi kila mwananchi wa Ruangwa awe na bastola. Hilo lingekuwa balaa. Napendekeza kanuni za mchezo zihamie kwa wale ambao dola tayari imewapa silaha. Kwanza, kila anayebeba silaha kwa niaba ya umma apimwe angalau mara moja kwa mwaka, kwa zoezi lenye mwendo, muda na shabaha ya mtu asiyehusika. Atakayeipiga hiyo arudi mafunzoni kabla ya kurudi doria. Pili, kila risasi iliyotolewa ghalani iandikwe kwa jina la aliyeipokea na ilikoishia. Tatu, kosa la usalama liwe na adhabu isiyoangalia cheo. Nne, kila ununuzi wa silaha mpya utengewe, katika kasma hiyohiyo, fedha za mafunzo. Na zisipokuwepo, ununuzi usubiri.

Nitaambiwa risasi za mazoezi ni ghali. Ni kweli, ndiyo maana nimeeleza kwamba msingi wa ujuzi hujengwa kwa bastola tupu, saa na mwalimu mwenye subira. Nitaambiwa huu ni mchezo wa matajiri. Kwa raia ni kweli. Hata Kenya, wanaokutana Kirigiti, Kiambu, kushindana kwa bastola ni wenye leseni na kipato. Lakini askari wa Nachingwea tayari analipwa na kodi ya mkulima wa korosho. Kumpima si anasa. Ni haki ya mlipaji. Nitaambiwa pia kwamba wilaya za pembezoni hazina uwezo wa kusimamia mambo ya aina hii. Ruangwa, mji mdogo, imeifikisha Namungo hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Panapokuwa na utashi wa wakubwa, uwanja hujengwa, waamuzi hupatikana na matokeo hutangazwa hadharani. Kinachohitajika ni utashi huohuo kuelekezwa mahali pasipo na mashabiki wa kushangilia.

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma haya, safari nyingine utakapoandika "uhaba wa vitendea kazi", ongeza safu moja katika jedwali lako: waliofunzwa, waliopimwa, walioshindwa. Ndugu mwanaharakati, usiishie kuuliza silaha ngapi zimenunuliwa. Omba kuonyeshwa daftari la risasi. Nawe mwanafunzi, usikubali kuambiwa kwamba kifo cha asiyehusika ni bahati mbaya tu. Katika uwanja wa shabaha kina jina, kina alama ya kukatwa, na kina mtu anayetia saini kwamba ni yeye aliyefyatua.