Godoro limo kwenye fomu, mtoto hayumo

KUTOKA NYANDA ZA JUU
Na Ambakisye Mwalyego

Fomu ya mpwa wangu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilikuwa na kurasa sita. Godoro la futi mbili na nusu, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, shuka mbili za rangi moja, rimu ya karatasi. Ukurasa wa daktari ulikuwepo pia: macho, mkojo, kifua. Pa kuandika kwamba mtoto ana usonji hapakuwepo. Dada yangu aliandika pembeni kwa herufi ndogo, muhuri wa zahanati ukaja kugongwa juu yake.

Kijana alitoka shule ya kutwa hapa Uyole, dakika kumi kwa miguu, akapangiwa bweni mkoani Iringa. Makambako basi liliposimama na wauza mahindi wakaanza kugonga vioo, aliziba masikio na hakuyazibua mpaka Mafinga.

Alichokiacha Uyole ni mwalimu wake wa darasa la saba. Mama yule alikuwa amemsoma. Kabla kengele haijalia alimnong'oneza, "Bado dakika tano." Hakumgusa bega kutokea nyuma. Akimuuliza swali alihesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kulirudia, kwa sababu jibu lilikuwa njiani. Alijua pia kwamba mtoto huyu akiogopa hucheka.

Watu walituonya juu ya Kiingereza. Wala. Kiingereza alishakinyaka kwenye katuni, na kilichomponza ni kuwasahihisha wakubwa. Msingi tuna mwalimu mkuu, sekondari kuna mkuu wa shule. Aliyechanganya vyeo hivyo wiki ile ya kwanza alirekebishwa papo hapo, awe mwanafunzi au mwalimu.

Kilichomshinda ni kengele. Ni ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya dirisha la darasa lao, ikigongwa kwa nondo kila baada ya dakika 40. Wiki ya pili alitoka mbio. Mwalimu wa zamu akamwita, naye akasimama, akatazama chini, akacheka. Hakuamkia. Huku kwetu mtoto asiyetoa shikamoo ameshajihukumu.

Alichapwa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka mkuu wa shule achape mwenyewe, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na visizidi vinne. Hayo maandishi hakuna aliyetuonyesha. Ila nisimpake matope mwalimu yule. Dada alipokwenda kumweleza, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama, si mngetuambia."

Tungemwambia nani, kwa fomu ipi?

Kinachoniudhi ni kwamba Serikali ilikuwa na habari. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na mpwa wangu alizipata. Maana yake kuna mtu Uyole aliandika hali yake, na karatasi ikafika Dar es Salaam. Januari karatasi hiyo hiyo ikashindwa kufika Iringa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Chuo cha Patandi, Arusha, kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini vitengo vya elimu hiyo tumezoea kuviona shule za msingi, kana kwamba usonji huisha na darasa la saba.

Siombi jengo. Naomba ukurasa mmoja kwenye ile fomu, ujazwe na mwalimu anayemwachia mtoto, usomwe na anayempokea. Na siku moja ya Desemba, mabweni yakiwa matupu, mtoto aje aone kitanda chake na aisikie ringi ikigongwa kabla hajazungukwa na watu mia tano. Na ifanyike mapema: kwa mtaala mpya, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027, wote waingie kidato cha kwanza Januari 2028. Katika msongamano ule, nani atahesabu hadi kumi?

Wa kwetu ukurasa tulijitengenezea. Mwalimu wa Uyole alitaja kwa simu, dada akaandika kwa mkono, nikaupeleka mimi. Juzi nilipita tena. Umebandikwa ofisi ya walimu, kando ya ratiba, kona moja imeshaliwa na gundi. Chini ya mwandiko wa dada kuna mstari wa wino mwekundu, na mwalimu wa zamu alikiri ni wake: "Maharage yasiguse ugali. Apewe bakuli lake."