Mwalimu Haishii Ubaoni

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi tunauliza swali lile lile: shule ipi imetoa daraja la kwanza nyingi? Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Sisi hatujaacha. Mabango yangali barabarani na picha za watoto na alama zao, na imani iliyoyatundika imekuwa kama sheria: mwalimu bora ni anayemaliza silabasi mapema, na mdahalo, kwaya, bustani na mpira ni kupoteza muda. Imani hiyo ni potofu, na mji wa kuisutia ni Tabora.

Mwaka 1937 Kambarage Nyerere alifika Shule ya Serikali Tabora. Darasani alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa pia mtu wa mdahalo, na huko ndiko kijana hujifunza kusimama mbele ya wanaompinga, akawasikiliza, akawajibu. Baada ya Makerere alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha St. Mary's. Padri Richard Walsh, aliyemkaribisha hapo, ndiye aliyemhangaikia pia hadi akaenda Edinburgh mwaka 1949. Kazi hiyo ya Padri Walsh haikuwa kwenye silabasi yoyote.

Januari 1958 TANU, chama alichokiongoza Nyerere, ilikutana Tabora ikiwa karibu kupasuka: ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, au iususie? Wengi walitaka kuususia. Nyerere alisimama, akajenga hoja, mkutano ukageuka. Tunauita Uamuzi wa Busara. Sidai kwamba klabu ya mdahalo ndiyo iliyoleta uhuru. Nadai kwamba hakuna aliyewahi kugeuza mkutano kwa kunakili notsi.

Nami nililala bweni mkoa huo huo wa Tabora. Mlezi wetu wa mdahalo alikuwa mwalimu wa fizikia. Jumamosi usiku, bwalo bado linanukia maharage, alikuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na dirisha, daftari mapajani. Usiku mmoja alisimama kijana wa kidato cha kwanza mwenye kigugumizi. "Mheshimiwa mwenyekiti," alianza, kisha neno la pili likakataa kutoka. Vicheko vikaanza. Mwalimu akainua kiganja chake, hakusema kitu. Bwalo likanyamaza. Mtunza muda, kengele mkononi, akatazama kiganja kile na hakuipiga. Yule kijana alimaliza hoja yake, na Jumamosi iliyofuata alijiandikisha tena.

Mwaka uliofuata mdahalo ulifutwa. Jumamosi ikawa ya masomo ya ziada.

Najua jibu la wazazi wenzangu: mtoto wa maskini hana muda wa kuchezea, mtihani ndiyo ngazi yake pekee. Nalikataa jibu hilo kwa moyo wote. Mtoto wa mwenye nacho hujifunza kuzungumza na wakubwa sebuleni kwao. Hupelekwa kuogelea, hununuliwa vitabu vya hadithi. Mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hana pengine pa kuyapata hayo isipokuwa shuleni, kwa mwalimu aliyekubali kubaki baada ya kengele. Ukimfutia mdahalo, unamwondolea hata kidogo alichokuwa nacho.

Wanyamwezi wa zamani wa Tabora walijua kwamba elimu haiishii darasani. Kijana aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo alirudi akihesabiwa mwanamume, na si kwa uzito wa mzigo peke yake. Alikuwa amemfuata kirangozi, kiongozi wa msafara, miezi kadhaa, ameishi na watu wa lugha nyingine, amejua nani wa kumwamini njiani.

Na wanaotoa elimu hiyo shuleni si walimu tu. Matroni anayetambua kwamba msichana fulani hajala siku mbili, akamwita pembeni na kumuuliza, anafanya kazi ya elimu. Mpishi anayewaonyesha vijana namna ya kupanda mchicha nyuma ya jiko naye ni hivyo hivyo. Hawa hawatajwi siku ya mahafali.

Mzazi, kikao kijacho cha shule usiulize wastani peke yake. Uliza mlezi wa mdahalo ni nani, amepangiwa saa ngapi kwenye ratiba, na shule inamlipa nini kwa Jumamosi zake. Ukiambiwa hayupo, usiondoke kikaoni kabla hajateuliwa.