Kwa Nini Korosho Husafiri na Maganda Yake

Kila Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa Mtwara, Lindi na Ruvuma, maghala hufurika magunia, malori hujipanga kuelekea bandarini, na sehemu kubwa ya mavuno ya Tanzania huondoka ikiwa ghafi. Mzigo huenda India na Vietnam. Huko ndiko korosho hubanguliwa, humenywa na kupangwa kwa madaraja kabla ya kupelekwa madukani Ulaya na Marekani.

Kwa hesabu za vitabuni, safari hiyo ni hasara tupu. Mwaka 1909 mchumi Mjerumani Alfred Weber alieleza kwamba kiwanda kinachosindika malighafi inayopungua sana uzito hukaa karibu na malighafi hiyo, kwa sababu hakuna anayependa kulipia nauli ya makapi. Korosho hupungua kweli kweli: kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya viini. Kinachobaki ni ganda, na ganda hilo linavuka Bahari ya Hindi kila msimu.

Viwanda vingine humtii Weber bila amri ya waziri. Miwa ikishakatwa huanza kupoteza sukari, ndiyo maana mitambo ya Kilombero, Mtibwa na Kagera imezungukwa na mashamba. Jani la mkonge ni maji na makapi kwa sehemu kubwa, nyuzi zikiwa asilimia chache tu ya uzito wake, hivyo korona, yaani mitambo ya kutoa nyuzi, zilijengwa mashambani tangu enzi za Wajerumani. Saruji hufuata mawe ya chokaa, iwe Wazo Hill, Pongwe au Bamburi. Bia na soda, ambazo karibu zote ni maji, hufuata wanywaji mijini.

Korosho je?

Kwanza kuna kalenda. Mavuno ya Tanzania na Msumbiji huingia sokoni kuanzia Oktoba. Ya Afrika Magharibi, ikiwemo Kodivaa, hufuata kuanzia Februari. Mwenye kiwanda wa Kollam, katika jimbo la Kerala, hununua pande zote mbili na mitambo yake haikai bure. Mwenzake wa Mtwara anayetegemea mavuno ya nyumbani analazimika kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi michache, kwa mkopo wa benki, kisha riba iendelee kupanda huku magunia yakisubiri ghalani. Pili kuna ujuzi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na kutoa kiini bila kukivunja kunahitaji mkono uliozoea. Kollam imewafunza wanawake kazi hiyo kwa vizazi. Vietnam ilishika njia nyingine: ikaunda mashine zake yenyewe, na tangu katikati ya miaka ya 2000 imeipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Mbele ya faida hizo, nauli ya meli ni gharama ndogo.

Tanzania ilikwisha kujaribu kubadili mkondo huo kwa kujenga. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 vilisimamishwa viwanda 12 vikubwa vya kubangua, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Lakini mavuno, yaliyofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalikuwa yameanza kuporomoka: wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei haikuwavutia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mitambo ilikosa cha kubangua, na ajira ikaondoka nayo. Mavuno yalipofufuka na kuvuka tani 300,000 msimu wa 2017/18, wabanguaji walikuwa ng'ambo.

Nchi tajiri nazo zimepoteza ajira za viwandani, ila kwa namna tofauti. Marekani ilikuwa na wafanyakazi wa viwandani zaidi ya milioni 19 mwaka 1979. Leo hawafiki milioni 13, ingawa bidhaa wanazozalisha zimeongezeka. Waliobaki nje wengi waliingia kwenye huduma, na miji kama Detroit ikalipa gharama: watu milioni 1.8 mwaka 1950, chini ya 640,000 mwaka 2020. Mchumi Dani Rodrik ameonyesha kwamba nchi nyingi zinazoendelea sasa zinaanza kupoteza ajira hizo mapema, zikiwa bado maskini. Anayeikosa kazi ya kiwandani Tandahimba au Newala hapokewi na benki wala kampuni ya programu. Hurudi kwenye jembe, au huchuuza barabarani.

Kwa hiyo toleo hili linapinga desturi ya kupima maendeleo ya viwanda kwa idadi ya tepe zilizokatwa. Kiwanda cha korosho hushikiliwa mahali na mtaji wa kununulia mzigo, malighafi ya kutosha miezi 12 na mikono iliyofunzwa, na sera isiyogusa hayo matatu inajenga maghala ya baadaye. Makala zinazofuata zinaanzia hapo, zikihama kutoka korosho hadi pamba, ngozi na nguo. Pendekezo la mhariri kwa wizara husika ni dogo: kila kiwanda kinapohesabiwa, itajwe pia ni miezi mingapi kilifanya kazi mwaka huo, na ni watu wangapi waliolipwa mshahara katika miezi hiyo.