Kamera Mpya Si Jicho Jipya

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii aghalabu hutajwa katika mijadala ya ndoa na siasa, ilhali upo uwanja mwingine unaoihitaji kwa dharura, nao ni uwanja wa upigaji picha katika vyuo vikuu vya Kenya. Kila msimu wa mahafali, nyasi za vyuo hujaa vijana walioning'iniza kamera shingoni, wakiwaita wahitimu na jamaa zao waje wapigwe picha. Wengi wao ni wanafunzi wanaotafuta karo, kodi ya chumba na nauli. Juhudi hiyo ni ya kupongezwa. La kusikitisha ni kwamba pato la msimu mzima, na wakati mwingine mkopo juu yake, huishia katika kununua kamera mpya zaidi, huku lenzi ikibaki ile ile iliyokuja katika sanduku la kwanza. Makala haya yanashikilia kwamba huo ni upotevu. Kwa mpiga picha wa kipato cha chini, na hata kwa mtafiti wa fasihi anayekwenda nyanjani, fedha zitangulie kwenye lenzi, mwanga na sauti. Mwili wa kamera uje mwisho.

Chanzo cha uraibu huu ni tarakimu. Mnunuzi huambiwa idadi ya megapikseli naye hudhani kwamba ameambiwa ubora wa picha. Zamani dhana hiyo ilikuwa na mashiko. Kamera ya kidijitali aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilitoa picha yenye pikseli 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuihifadhi katika ukanda wa kaseti. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7. Canon EOS 300D, iliyotoka mwaka 2003 kwa bei isiyofikia dola 1,000 za Marekani, ilikuwa na megapikseli 6.3. Katika miaka hiyo kila hatua ilionekana kwa macho. Leo hesabu imebadilika. Picha ya kuchapishwa kwenye karatasi ya A4, kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji takriban megapikseli 8.7. Skrini ya kawaida ya upana wa pikseli 1,920 na kimo cha pikseli 1,080 hutosheka na megapikseli 2. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha zinazouzwa siku hizi zina megapikseli 20 au zaidi. Anayetoka megapikseli 20 kwenda 24 huongeza undani wa picha kwa chini ya asilimia 10 katika kila upande. Ni nani kati ya wazazi wanaosubiri picha ya mwana wao aliyevaa joho atakayeiona tofauti hiyo?

Kinachoonekana ni mwanga, na mlango wa mwanga ni lenzi. Kila lenzi ina tundu linalofunguka na kufungwa, na ukubwa wa tundu hilo hutajwa kwa namba inayokwenda kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Lenzi ya kuanzia ya milimita 18 hadi 55, inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu, hufika namba 5.6 inapovutwa hadi mwisho. Lenzi ya milimita 50 isiyovutika, yenye tundu la namba 1.8, ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa; ile ya Canon iliyotoka mwaka 2015 haikufika dola 150 ilipoingia sokoni. Ukilinganisha matundu hayo mawili, la pili huingiza mwanga takriban mara 10 zaidi ya la kwanza. Hakuna kamera mpya ya bei hiyo iwezayo kuleta badiliko kama hilo.

Faida yake huonekana pale ambapo maisha ya watu wetu hutendeka. Fanani hasimulii ngano saa sita mchana katikati ya uwanja ili kumfaa mpiga picha. Husimulia jioni, chini ya paa, pembeni mwa taa moja. Mivigha mingi hufanyika alfajiri au usiku. Katika chumba cha namna hiyo, kamera yenye lenzi ya kuanzia yaweza kuhitaji sehemu ya kumi ya sekunde ili ipate mwanga wa kutosha, na katika muda huo mkono wa fanani umekwisha kupaa na kutua; picha itaonyesha ukungu mahali palipokuwa na ishara. Kwa lenzi ya namba 1.8, muda huo hupungua hadi sehemu ya mia ya sekunde, na mkono huonekana na vidole vyake. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, mkono huo ni sehemu ya matini. Aliyeupoteza amepoteza nusu ya alichokwenda kukitafuta.

Isitoshe, lenzi huishi muda mrefu kuliko kamera. Mwili wa kamera ni kompyuta, nao huzeeka kama kompyuta. Lenzi ni vioo na pete, na ikitunzwa huweza kumtumikia mtu miaka mingi. Canon ilianzisha familia yake ya lenzi za EF mwaka 1987. Ilipoleta kamera zake za RF zisizo na kioo cha ndani mwaka 2018, iliuza pia kiunganishi kinachoziwezesha lenzi hizo za zamani kufanya kazi kwenye kamera mpya. Nikon nayo ilifanya hivyo mwaka huo huo ilipoleta familia ya Z, ingawa kiunganishi chake hakiwezi kuziendesha zile lenzi kongwe zinazotegemea mota ya ndani ya kamera ili kulenga. Kasoro hiyo hiyo iliwapata wanunuzi wa Nikon D40 ya mwaka 2006, ambayo haikuwa na mota hiyo. Funzo ni bayana. Anayechagua kamera amechagua ukoo, na hana budi kuuliza juu ya jamaa wote kabla ya kupeleka posa. Je, lenzi za ukoo huo hupatikana kwa urahisi zikiwa zimetumika? Je, mwenzake chuoni anazo, ili waazimane? Maswali haya yana uzito kuliko jina lililochapwa kwenye mkanda wa shingoni.

Kwa idara na vyama vya Kiswahili, suala hili lina uzito wa aina yake. Miswada ya kale ya tenzi, iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ingali katika mikono ya familia na taasisi za pwani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imewahi kupigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Kazi ya namna hiyo haihitaji kamera ya kutisha. Ukurasa umelala, haukimbii. Kinachohitajika ni lenzi isiyopinda mistari ya pembeni, stendi ya miguu mitatu, taa mbili zinazomulika kutoka kulia na kushoto kwa usawa, na subira. Mtafiti aliyetumia bajeti yote kwa mwili wa kamera, kisha akaushika mkononi juu ya ukurasa ulioliwa na mchwa, atarudi chuoni na nukta zisizosomeka. Na katika hati ya Kiarabu, nukta moja hutofautisha herufi na herufi. Huenda asipate ruhusa ya kuufungua mswada huo mara ya pili.

Kwa upande wa video, kosa ni kubwa zaidi. Wanafunzi hurudi kutoka nyanjani na picha safi ya mzee anayeimba, lakini sauti yake imemezwa na upepo, jogoo na pikipiki, kwa kuwa walitegemea maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya kamera. Maikrofoni ya kubandika kwenye vazi, au kinasa sauti kidogo kinachowekwa karibu na msemaji, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kamera. Wimbo usiosikika si wimbo, hata ukiwa na pikseli milioni ngapi. Vivyo hivyo kuhusu diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya pili. Kadi ya kumbukumbu ni ndogo kuliko kitambulisho, na hupotea kwa wepesi huo huo.

Mbona basi vijana hawayafahamu haya? Sehemu ya jibu imo katika lugha. Muuzaji dukani huyataja mambo haya kwa Kiingereza cha vifupisho, naye mnunuzi huona haya kuuliza. Huitikia kwa kichwa, akalipa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Muuzaji hawezi kulaumiwa kwa kusifu bidhaa yenye faida kubwa. Lawama ni za wanaokaa na lugha iwezayo kuyaeleza mambo haya ilhali hawaielezi. Tundu, kilango, kihisi, umbali wa kulenga: ni maneno mepesi ambayo mpiga picha wa Gikomba au Malindi angeyaelewa kwa maelezo ya dakika tano. Lau vyama vya Kiswahili vingetoa kijitabu kimoja cha kurasa 20 juu ya kamera, vingemwokoa kijana na madeni na kuithibitishia jamii kwamba Kiswahili kinaweza kazi ya karakana kama kiwezavyo kazi ya ushairi.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na kwamba kamera mpya hulenga jicho la mtu kwa haraka na hustahimili giza kuliko za zamani. Hoja hii ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Mpiga picha wa riadha, au wa harusi kubwa ambapo bibi harusi hupita mara moja tu, ana sababu ya haki ya kubadilisha mwili wa kamera ikiwa ule wa zamani humwangusha kwa jambo analoweza kulitaja. Muhimu ni hapo: analoweza kulitaja. Anayesema kamera yake hushindwa kulenga mwanariadha anayekimbia kumwelekea ana hoja. Anayesema kamera yake imepitwa na wakati ana tamaa.

Wengine watasema kwamba wateja humpima mpiga picha kwa ukubwa wa kamera. Hili nalo lipo; wapo wazee wa harusi wanaotazama kwanza kilichoning'inia shingoni. Hata hivyo, mteja hutazama kamera siku moja na hutazama picha miaka 30. Kosa linalowaudhi wateja wetu zaidi halitokani na uzee wa kamera. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikiona kanzu nyeupe au shela la harusi, hudhani mwanga umezidi na huutia picha giza, na nyuso nyeusi huzama kabisa. Dawa yake ni kuiamuru kamera iongeze mwanga kwa hatua moja au zaidi, kwa kitufe ambacho kimo hata katika kamera za miaka ya 2000. Ujuzi huo haugharimu hata shilingi. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliushtua ulimwengu mwezi Oktoba mwaka 1984, alikumbukwa kwa alichokiona na kwa kuwapo kwake mahali pa tukio. Watu waliolia mbele ya televisheni hawakuuliza jina la kamera yake.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Aliye na kamera inayofanya kazi na aitumie. Akipata fedha, anunue lenzi moja yenye tundu kubwa: ya milimita 35 ikiwa hupiga ndani ya vyumba vidogo, ya milimita 50 ikiwa hupiga nyuso. Akiinunua ikiwa imetumika, aimulike kwa tochi kutoka nyuma na aangalie nyuzi za kuvu, maradhi ya lenzi zilizokaa katika unyevu wa Mombasa na Lamu bila kutunzwa. Akiweza, aikodi kwa siku moja kabla ya kuinunua. Baada ya lenzi, anunue stendi, taa na, kwa mtafiti, maikrofoni. Kisha aandike katika daftari kila mara kamera yake inapomshinda, na kwa nini. Daftari hilo likijaa sababu za kweli, basi wakati wa kamera mpya umewadia, naye ataijua aitakayo bila kuambiwa na muuzaji.

Idara na vyama vya wanafunzi navyo vinapaswa kukumbuka kwamba mzee anayesubiriwa kijijini hasubiri toleo jipya la kamera. Ana utenzi kichwani, na umri unakwenda. Atakayemfikia leo akiwa na kamera kuukuu, lenzi safi na maikrofoni inayosikia atakuwa ameihudumia fasihi ya Kiswahili. Atakayengoja kamera ya mwakani huenda akaipiga picha kaburi lake, kwa megapikseli nyingi.